Mzee Majuto na Ujira wa Kicheko

Alipofariki dunia Amri Athumani, ambaye Waswahili wa nchi zote za Afrika Mashariki walimjua kwa jina la Mzee Majuto, usiku wa tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, habari ilitufikia Morogoro usiku uleule. Na kulipokucha, katika kituo cha mabasi cha Msamvu, pale njia ya Dodoma na njia ya Iringa zinapoagana, niliona jambo ambalo mgeni angelihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Wapiga debe, makuli na wauza karanga walikuwa wakimwigiza marehemu. Mmoja alitanguliza tumbo, akakunja uso, akafoka kwa lafudhi ya Tanga kana kwamba amedhulumiwa mali ya urithi. Mwenzake akamjibu kwa ukali uleule. Na abiria waliokuwa wakisubiri magari wakacheka hata wakafuta macho, wala hapana aliyeweza kusema kama machozi yale yalikuwa ya kicheko au ya msiba. Sikustaajabu hata kidogo, kwa kuwa mimi ni Mluguru, na kwetu milimani maiti hasindikizwi kwa kilio peke yake.

Aliyewahi kuhudhuria maziko ya Uluguru, kuanzia Kinole mpaka Matombo, na hata upande wa Mgeta kwenye baridi, anaijua kazi ya watani. Ndugu wa marehemu wakiwa wamejiinamia, mtani huingia uani amevaa koti la yuleyule aliyekufa, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akataja madeni yake na tamaa zake mbele ya hadhira, na mjane ambaye tangu asubuhi hakuinua kichwa hujikuta amekiinua. Hayo hufanywa mbele ya wazee na hapana anayekasirika, maana utani ni haki iliyorithiwa, na mwenye haki hiyo huweza kusema penye msiba maneno ambayo mwingine akiyasema hata arusini yangezua ugomvi.

Ninalikumbuka kaburi moja la utotoni mwangu, katika zama ambazo bado tulitumia senti za Mwingereza zenye tundu katikati. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, shimo limekwisha chimbwa, na waliobeba maiti wamekwisha fika ukingoni, ndipo mtani mmoja mzee aliposhuka kaburini, akajinyoosha chali, akafunika uso kwa kofia yake, akasema kwamba yeye ndiye aliyetangulia kufika na nyumba hii amekwisha ipanga. Akasihiwa atoke, akakoroma. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ya kufuata ukoo wa mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba ule, alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa senti kumi moja, akaiangusha shimoni. Mtani akaipapasa, akaiinua, akachungulia mbingu kupitia lile tundu, akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa kwamba kwa jicho moja haoni vizuri. Ikaangushwa ya pili. Akaziweka machoni zote mbili, akaugeuza uso huku na huku akiwatazama wafiwa mmoja mmoja kwa utulivu mkubwa, na watu wakaangua kicheko hata aliyeshika jembe akaliachia. Hakutoka mpaka zilipotimia alizozitaka. Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu maisha yangu yote ya ualimu, na yote niliyoyaona ya wachekeshaji wa jukwaani na wa kwenye filamu, nimeyapima kwa yule mzee: alichekesha pasipo yeye kucheka, na alilipwa kabla hajatoka shimoni.

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani mwaka 1958, angali mtoto wa shule. Tanga ya siku hizo ilikuwa bandari ya mkonge na mji wa watu wa maneno. Shaaban Robert alikuwa hai bado, na mtoto aliyekulia huko alisikia tangu asubuhi hata usiku mabishano, mafumbo na majibu ya papo kwa papo ambayo kwingine ingebidi mtu asafiri ili ayapate. Kichekesho, ule mchezo mfupi usioandikwa ambao watu wawili watatu huucheza kwa kupatana juu ya kisa tu na kuyaacha maneno yajitokezee, kilikuwa kimekwisha kuota mizizi katika miji ya Tanganyika, mzazi wake mmoja akiwa ni utani na ngano zetu za jioni, na mzazi wake wa pili, ajabu lakini kweli, akiwa ni zile filamu za Charlie Chaplin ambazo zilioneshwa katika sinema za mijini na kuletwa vijijini na magari ya serikali. Yule Mwingereza wa kofia na bakora, aliyezaliwa London mwaka 1889 na kuonja ufukara tangu utotoni, hakuhitaji mkalimani: njaa yake ilieleweka, woga wake mbele ya askari ulieleweka, na heshima aliyojipa katika matambara yake ilieleweka zaidi kuliko vyote.

Baada ya uhuru kichekesho kilipata makao mengi. Redio Tanzania ilitupa Pwagu na Pwaguzi, ambao sauti zao, za Rajabu Hatia na Ali Said Keto, ziliwafanya watu waache jembe shambani ili wawahi kipindi. Mashirika ya umma yakaunda vikundi vya sanaa, na vikundi vya binafsi vikafuata, kama Muungano kilichoanza mwaka 1980, hata ikawa onyesho la usiku mmoja lina ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho ndani yake. Sisi wa Morogoro, mji kasoro bahari, tulikuwa na sifa zaidi ya muziki, kwa ajili ya Salum Abdallah na Cuban Marimba yake na kwa ajili ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Lakini walipopita wachekeshaji ukumbi ulijaa vilevile, na mbele ya hadhira iliyokwisha kucheza dansi na yenye kiu ya burudani, mchekeshaji aliyekosea mwanzo hakupewa nafasi ya pili. Aliyelelewa na jukwaa la namna hiyo hujifunza kuzisikia pumzi za watu gizani, akajua kwa sikio ni lini aseme na ni lini anyamaze. Majuto alilelewa hivyo kwa miaka mingi kabla kamera haijamwona, nami nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kuwapita wengi waliozaliwa na kamera tayari.

Televisheni haikuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, na katika vijiji vya Uluguru, ambavyo vingi havikuwa na umeme, iliyotangulia si televisheni bali banda la video: kuta za matete, turubai juu, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, deki moja iliyofunikwa kwa khanga dhidi ya vumbi, na jenereta ikinguruma nyuma hata mwenye banda akalazimika kupandisha sauti mpaka mwisho. Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini ambao michezo yao iliuzwa kwa mikanda ya video, na baadaye kwa VCD, akifanya kazi na kampuni ya Al-Riyamy. Na hivyo ndivyo alivyopanda milima yetu kabla ya nguzo za umeme. Siku za gulio pale Matombo, kina mama walioteremka na mikungu ya ndizi na mananasi wakimaliza kuuza waliingia bandani na matenga yao matupu, wakaketi mbele, na vijana wakasimama nyuma. Nami niliingia, nikiwa mwalimu wa shule ya jirani, nikapendelea kukaa pembeni ambapo niliweza kumwona Majuto kwa jicho moja na kuwaona watazamaji kwa jicho la pili.

Nililoliona ni hili. Majuto hakuwa na haraka. Akiletewa habari mbaya, tuseme kwamba mkwe amekuja na wageni wanane na chakula hakitoshi, hakuruka wala hakupiga kelele mara moja. Aliitazama sahani yake, akamtazama aliyeleta habari, akairudia sahani kana kwamba yeye na sahani wana siri, na katika kimya kile, kabla neno lolote halijatoka, kicheko kilianza kwa kina mama wa mbele, kikapita katika banda zima, kikawafikia vijana wa nyuma. Na lilipokuja neno, kwa ukali wa mtu aliyeonewa kwa kweli, banda lilitikisika. Yeye mwenyewe uso wake haukubadilika. Aliamini. Mtu bahili aliyekuwa akimwigiza hakujua kwamba yeye ni kichekesho. Alidhani ni mtetezi wa haki yake, na sahani ile ndiyo haki yenyewe.

Wako wachekeshaji wengi, na baadhi yao nawapenda, ambao huanza kucheka wenyewe kabla ya mtazamaji, wakakonyeza jicho, wakavaa soksi mbili za rangi tofauti ili tujue kwamba hapa ndipo pa kucheka. Mimi huona kwamba hilo ni kutomwamini mtazamaji, na zaidi ya hapo ni kutomwamini binadamu anayeigizwa. Chaplin alipotengeneza City Lights, iliyotoka mwaka 1931, filamu zikiwa zimekwisha anza kusema ilhali yeye ameng'ang'ania ukimya, alikirudia kipande kimoja kifupi, kile ambacho msichana kipofu muuza maua anamdhania yule fukara kuwa ni tajiri, zaidi ya mara 300, kwa sababu hakuridhika kwamba dhana ile imetokea kwa njia ambayo ingeweza kutokea kweli. Majuto hakuwa na fedha wala filamu ya kurudia kipande hata mara kumi; michezo mingi ya video ya siku zake ilichezwa bila maandishi kamili, ikamalizwa kwa siku chache. Lakini alikuwa na mazoezi ya nusu karne ya jukwaa, na aliyarudia mwilini mwake yale ambayo mwenzake aliyarudia mbele ya kamera.

Somo hilo nililipeleka darasani. Watoto wa shule za milimani hupenda sana maigizo, na kila mwisho wa mwaka wazazi hukusanyika kiwanjani kuwatazama. Na kila mwaka watoto walioigiza walivunjika kwa kicheko chao wenyewe, wakajificha nyuma ya mikono, mchezo ukafa. Mwaka mmoja nilimpa mvulana mmoja, mwembamba, mkimya, ambaye hata kusoma kwa sauti kulimpa tabu, sehemu ya mzee bahili anayehesabu maharage kabla mkewe hajayatia chunguni. Nikamwambia: usituchekeshe, hesabu maharage. Nikampa maharage ya kweli kutoka Mgeta, kibaba kizima. Siku ya mchezo aliketi kwenye kigoda, akaanza kuhesabu, na kwa kuwa alikuwa akihesabu kweli, alipofika thelathini na kitu alipotea hesabu kweli, akakunja uso, akayarudisha yote, akaanza tena moja. Hakutazama hadhira. Alipopotea mara ya tatu bibi mmoja alianguka kutoka kwenye mkeka wake kwa kicheko, na mzee mmoja, ambaye kijijini alijulikana kwa tabia hiyo hasa, alisimama akapiga makofi kuliko wote. Hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hii: mwenye aibu aliiona aibu yake imevaa mwili wa mtoto, akaistahimili, akaifurahia.

Nimewahi kusikia watu wa elimu wakimdharau Majuto kwamba vichekesho vyake ni vya tumbo na tamaa, vya mzee mlafi, mzee bahili, mzee anayewatamani wasichana wa umri wa wajukuu zake. Naam, ndivyo vilivyokuwa, lakini na tutazame mshale ulielekezwa kwa nani. Katika vichekesho vingi vya nchi yetu anayechekwa ni mshamba aliyefika mjini, Kiswahili chake kilichopinda, viatu vyake, kushangaa kwake mbele ya taa za barabarani. Nasi watu wa milimani tumelipa sehemu yetu ya kicheko hicho kwa miaka mingi. Majuto alimchagua baba mwenye nyumba, mwenye mamlaka, anayefoka, ambaye mila na umri vimempa haki ya kutojibiwa, akamvua nguo zake za heshima moja moja, naye aliyevuliwa ni Majuto mwenyewe, maana alimweka mtu huyo ndani ya mwili wake wa mzee. Mabinti waliokuwa wakitazama pale bandani waliona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba ukali wa baba unaweza kuwa ni woga. Mwenye kuita hayo mambo ya tumbo tu hajakaa kwenye benchi lile.

Tena hakuwa mchoyo wa jukwaa. Alipotokea kijana Sharo Milionea wa Muheza, na mikogo yake ya tajiri asiye na kitu, Majuto alicheza naye michezo mingi, akimpisha aseme na yeye akibaki kuwa ukuta ambao mpira wa kijana ulidundia. Na kijana yule alipofariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 2012, nchi ilipoteza pacha la kicheko ambalo halijapatikana tena.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Majuto aliugua kwa muda mrefu. Mwezi Mei 2018 alipelekwa India kutibiwa, na wakati huo wananchi walijua kwa mshangao kwamba mtu ambaye uso wake ulikuwa katika matangazo ya biashara, na sauti yake katika kila basi linalotoka Dar es Salaam, hakuwa na akiba ya kulingana na jina lake. Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, aliunda mwaka huohuo kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ilikuwa miongoni mwa iliyotakiwa kutazamwa. Jambo la kamati lilikuwa la insafu, nami nilifurahi, lakini nilijiuliza imekuwaje jamii iliyojua kumlipa mtani ikiwa na senti zenye tundu ikashindwa kumlipa mchekeshaji wake ikiwa na mitambo ya kumwonesha bara zima.

Jibu ninaloliona ni kwamba mtani alikuwa na kaburi. Alilala mahali ambapo shughuli yote ilimhitaji atoke. Wala hakuogopa kuonekana mroho, kwa kuwa kudai kwake kulikuwa sehemu ya mchezo, na mlipaji naye alilipa mbele ya watu, kwa fahari. Mkanda wa video ulimtoa mchekeshaji kaburini. Alicheza siku tatu, akapewa fedha mkononi mara moja, akaenda zake. Kicheko kikabaki nyuma kikizaa bila yeye, kikanakiliwa, kikauzwa barabarani mjini kwetu kwa bei ya chai na andazi, kikaoneshwa mabandani na ndani ya mabasi, na kila aliyekiuza alilipwa papo hapo isipokuwa aliyekitoa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji na kumpa haki katika uigizaji wake, na ipo ofisi ya umma ya kuisimamia. Lakini haki iliyo katika kitabu humfaa anayejua kukifungua, na watu wa kichekesho, waliozoea kupatana kwa maneno, aghalabu walitia sahihi karatasi kama mtu anayepokea mkono wa rafiki. Nasi watazamaji tulizoea kusema kwamba Majuto ni mtu wetu, tukalitumia neno hilo kama sababu ya kumla bure, ilhali mtani pia alikuwa mtu wetu, na kwa sababu hiyohiyo tulimlipa.

Miaka michache baada ya maziko yale ya Tanga alikuja nyumbani kwangu Bigwa yule mvulana wa maharage, sasa mtu mzima mwenye ndevu, anayechekesha katika sherehe za mjini na katika vipande vifupi vinavyosambazwa kwa simu. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, akatoa bahasha. Kampuni moja ilimtaka katika tangazo lake, na fedha zilizotajwa zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kuzishika. Alitaka nimhakikishie tu kwamba Kiswahili kilichoandikwa amekielewa. Tukaketi kwenye benchi chini ya mwembe, nikavaa miwani, nikamwambia tusome kama alivyohesabu siku ile, neno moja moja, na tukipotea turudi mwanzo.

Tulipotea katika kifungu cha nne. Kilisema kwamba sura yake na sauti yake zitatumika daima, mahali popote na kwa chombo chochote kilichopo na kitakachokuwapo, kwa malipo yaleyale ya mara moja. Akakisoma kwa sauti, akanyamaza, akakisoma tena.

"Mwalimu, hii 'daima' ina maana hata nikifa?"

"Hata ukifa, mwanangu."

Hakutia sahihi. Aliirudia kampuni ile akiwa na karatasi ileile, akaomba kifungu kile kiandikwe upya, na nilivyosikia baadaye kutoka kwake aliwaomba kwa uso ule wa mzee bahili, bila kutabasamu, mpaka mwanasheria wao akacheka. Mkataba uliporudi, mahali palipokuwa na neno daima pameandikwa miaka miwili, na chini yake kwamba matumizi ya kuanzia mwaka wa tatu yatalipiwa upya, yeye akiwa hai au warithi wake wakiwa wamesimama mahali pake.